Mawaridi ya Nchi ya Baridi

Binamu yangu alipochumbiwa hakuomba mengi. Alitaka usiku wa kupambwa kwake akalishwe mbele ya ukuta wa maua. Maua yawe ya kweli, yawe mawaridi, na yabanane hata mtu asijue yameshikizwa na nini. Picha alikuwa nayo kwenye simu. Mama mdogo, ambaye kwa miaka amepamba kumbi za Mombasa kwa vitambaa na maua ya plastiki, aliitazama, akaikuza kwa vidole viwili, akairudisha ilivyokuwa, kisha akauliza:

"Ukuta wenyewe una upana gani?"

Mita tatu kwa mbili na nusu, akajibiwa.

Mimi ndiye niliyepewa kalamu. Waridi la dukani likiwa limefunguka nusu lina upana wa kama sentimita 6. Ukiyapanga ubavu kwa ubavu, mita moja ya mraba inameza maua 270 na ushei. Zidisha kwa saba na nusu, umepita 2,000. Mama mdogo hakusema neno. Mawaridi yanayouzwa mjini kwetu huletwa kutoka Nairobi, na kila mkono yanaopitia huongeza chake. Kwa bei ya Mombasa, ukuta ule ungemaliza mahari kabla bi harusi hajainunulia hata kitanda. Ikaamuliwa twende tukayatafute yanakotoka. Mama mdogo hakuwa amewahi kuvuka Voi. Mimi Nairobi nilikuwa naijua kidogo, Naivasha nilikuwa sijaitia machoni.

Isidhaniwe kwamba watu wa pwani hatujui kubananisha maua. Kikuba ni maua yaliyobanwa. Asumini huchumwa alasiri zikiwa bado vitumba, zikatungwa kwa sindano na uzi, zikashonwa pamoja na mrehani na vipande vya mkadi, hata kile kishada kidogo kikawa kizito mkononi. Vitumba hufunguka usiku, mvaaji akiwa ameshaketi na wageni wake, na harufu ikaingia chumbani bila ya kupiga hodi. Lakini kikuba ni kitu cha karibu. Huvaliwa, hunuswa, na aliyesimama mlangoni hakioni. Ukuta wa mawaridi umeumbiwa macho, tena zaidi macho ya kamera. Namna ile ya kupanga kichwa kwa kichwa, jani lisionekane, wapambaji wa Ulaya wameichukua kwa masonara wanaopachika vito hadi dhahabu iliyo chini ipotee. Kwetu imeingia kupitia picha za simu, na imeingia kwa nguvu. Siku hizi hakuna kijana wa kike Mombasa anayeolewa asiyekuwa na picha ya ukuta.

Tuliondoka Miritini asubuhi kwa treni, tumebeba ndoo tupu zilizopachikwa moja ndani ya nyingine. Kwenye ukaguzi mbwa wa polisi alizinusa kwa makini, na mama mdogo akakusanya buibui lake akasogea nyuma hadi mbwa alipoondolewa. Reli hii iliyofunguliwa mwaka 2017 imeifanya safari ya kilomita karibu 480 kuwa ya saa tano na kitu, na sina mengi ya kusema juu yake: Mariakani, Voi, Mtito Andei, tembo wa Tsavo waliojipaka udongo mwekundu, usingizi, Emali. Jambo moja tu. Tulipopishana na treni ya mizigo nilimweleza kwamba miaka ya karibuni wakulima wa maua wameanza kupeleka sehemu ya maua yao Ulaya kwa meli badala ya ndege. Hutiwa ndani ya makontena yenye friji, yakateremshwa hadi bandari ya Kilindini, na kukaa baharini karibu mwezi mzima bila kunyauka, kwa sababu ya baridi tu.

"Yaani yapita mlangoni kwetu," akasema, "na sisi twayafuata kwao."

Nairobi ya Agosti ina baridi ya kuingia mifupani. Mama mdogo alivaa sweta mbili ndani ya buibui na bado meno yakamgongana. Tulipofika City Market akaisahau baridi. Soko hili liko kwenye barabara iliyopewa jina la Muindi Mbingu, Mkamba yule aliyewaongoza watu wake hadi Nairobi mwaka 1938 kupinga kunyang'anywa mifugo, na Msikiti wa Jamia uko hatua chache tu kutoka hapo. Wanauza nyama, wanauza vinyago, na wanauza maua: karnesheni, krisanthemamu, gipsofila, na mawaridi ya kila rangi isipokuwa buluu, yamesimama ndani ya ndoo, yamefungwa kumikumi na ishirini-ishirini kwa karatasi ngumu yenye mikunjo.

Muuzaji mmoja, mama wa makamo aliyefunga makasi kiunoni kwa kamba, alikuwa akimalizia kuba la mawaridi meupe. Yalikuwa yamebanana vile hasa binamu yangu alivyotaka. Hapakuwa na pengo la kupitisha kidole.

"Maashallah," mama mdogo akasema. "Hii ni ya harusi ya nani?"

"Hapana, mama. Hii inaenda Lang'ata."

Lang'ata ndiko kwenye makaburi ya mji.

Sisi Waislamu wa pwani hatupeleki mashada makaburini, lakini televisheni sote tunatazama, na kila mtu anajua maua ya mazishi yanafananaje. Mama mdogo alisimama pale na uso uliosinyaa. Aliona, naamini, wageni wa Mombasa wakiingia ukumbini, wakiutazama ukuta mweupe uliojaa, na mmoja wao, kwani hakosekani, akisema kwa sauti neno ambalo lingekaa kwenye harusi ile hadi bi harusi ajukuu. Akamwuliza yule mama waziwazi: kama ya harusi yamebanwa na ya kaburini yamebanwa, tofauti ni nini?

Yule mama hakucheka. Nadhani alikuwa ameshaulizwa na wengine.

"Ya mazishi iko na mpaka," akasema. "Angalia. Imefungwa pande zote, maua yote iko kimo kimoja, rangi ni moja. Ya harusi unaacha zingine zitoke kidogo, zingine ziingie ndani. Na usiweke nyeupe peke yake. Weka krimu, weka pichi, weka ile pinki imefifia. Mtu akiwa mbali ataona nyeupe. Akikaribia ataona ziko tatu, nne."

Kwa maneno hayo machache alitupa nusu ya ufundi. Ukuta uliopangwa kimo kimoja hufa kwenye picha. Taa za ukumbini hupiga usawa mmoja na kila waridi hugeuka doa. Yakipishana kwa sentimita mbili tatu tu, kila ua hupata kivuli chake, na macho huamini kwamba nyuma yake kuna mengine mengi. Msongamano unaoonekana ni mkubwa kuliko ule uliopo.

Nusu ya pili alitupa kwa mikono. Alichomoa waridi moja kwenye ndoo, akang'oa petali mbili za nje, zile nene zenye alama za kijani ambazo kazi yake ni kulinda kitumba, akapuliza katikati polepole. Kisha kwa kidole gumba akaanza kuzikunjua petali moja moja kuelekea nyuma, akibonyeza karibu na shina la petali, hata zikakaa zimepinda bila ya kuvunjika. Alikunjua tabaka tatu, akauacha moyo. Waridi likajaa kiganja. Nikalipima kwa rula ya simu: sentimita 9 na zaidi.

Nikarudi kwenye hesabu zangu palepale, nimesimama kati ya ndoo. Kwa sentimita 9, mita moja ya mraba haitaki zaidi ya maua 120 na kitu. Ukuta mzima usingefika 1,000. Tulikuwa tumetoka Mombasa tukidhani tunatafuta wingi wa maua kwa bei nafuu, kumbe kilichokuwa kinatupungukia ni muda. Waridi huuzwa likiwa limefumba kwa sababu limekatwa ili lisafiri. Anayelipachika siku hiyohiyo analipia maua mawili kufunika nafasi ya moja.

Lakini si kila waridi linakubali kukunjuliwa. Lililotoka kwenye friji sasa hivi petali zake ni kavu, hukatika. Lililochoka huachia petali zote mara moja mkononi. Linalotakiwa ni lile lililokatwa karibuni, likanyweshwa maji ya kutosha, likapewa siku nzima au zaidi mahali pasipo na baridi kali. Yule mama alitazama ndoo zake mwenyewe na kusema kwa uaminifu ambao sikuutarajia sokoni kwamba zake zilikuwa zimeshakaa. "Kama uko na nguvu, enda Naivasha uchukue ile imekatwa jana."

Kesho yake tukapanda matatu upande wa Nyamakima. Baada ya Limuru barabara inafika ukingoni, na Bonde la Ufa likafunguka upande wa kushoto kwa ghafla. Mama mdogo alishika kiti cha mbele na kutoa shahada. Yeye kazaliwa Kibokoni. Kwake mlima ni kile kilima cha kupanda ukitoka feri. Mlima Longonot ulisimama mbele yetu na mdomo wake wazi, mita 2,776 kwa vipimo vya ramani, na bado sisi tuliutazama kwa usawa. Nyuma yake, ziwa. Na kandokando ya ziwa, kitu nilichodhani ni maji mengine: mapaa ya plastiki ya vitalu, yakimetameta hekta kwa hekta.

Kwa nini hapa? Niliuliza swali hilo kwa kila aliyekuwa tayari kunijibu, na majibu yalikuja yakishabihiana. Naivasha iko karibu na ikweta, basi jua ni saa kumi na mbili mwaka mzima, hakuna kipupwe cha kuzima vitalu wala haja ya kuwasha majiko ya kupasha hewa kama Ulaya. Lakini pia iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, basi usiku ni baridi, na baridi hiyo hulizuia waridi lisikimbilie kukua. Ua lililochelewa hupata shina nene na kichwa kizito. Kwenye mashamba ya juu zaidi, kama yale ya Timau chini ya Mlima Kenya, huchelewa zaidi na vichwa huwa vikubwa zaidi. Kwetu Mombasa mwaridi hukua, ndiyo, na hutoa maua, lakini joto huuharakisha: leo kitumba, kesho kutwa petali zi chini. Kilimo kikubwa cha maua ya kuuza nje kilianza nchini mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kampuni ya Kidenishi iliyolima krisanthemamu na karnesheni. Mawaridi yalifuata, yakatawala.

Shambani huingii hivihivi. Tulikuwa na jirani wa jirani anayefanya kazi kwenye ukumbi wa kupanga gredi, naye ndiye aliyetuombea. Langoni tulikanyaga beseni lenye dawa ya kuua vijidudu, tukavishwa makoti meupe. Ndani ya kitalu kulikuwa na joto la kwetu, na mama mdogo akafungua sweta kwa mara ya kwanza tangu tushuke kwenye treni Syokimau. Akainama. Miwaridi haikuwa imepandwa kwenye udongo. Mizizi yake ilikuwa ndani ya mabirika marefu ya plastiki yaliyojaa kitu cha kahawia chenye nyuzinyuzi. Akakifikicha kati ya vidole, akakinusa.

"Mbona haya ni makumbi?"

Yalikuwa makumbi. Makumbi ya nazi yaliyosagwa, yanayoshika maji bila kuoza haraka, na ambayo nchi kama Sri Lanka na India huyauza duniani kwa ajili ya kazi hii. Mama mdogo, ambaye amekulia mahali makumbi huchomwa au kutupwa, aliuliza bei ya gunia. Alipoambiwa aliuliza tena, akidhani hakusikia vizuri. Njia nzima ya kurudi alikuwa akitaja watu wa Kilifi aliotaka kuwapigia simu.

Ukumbi wa gredi ulinivutia kuliko vitalu. Wengi humo ni wanawake, wamesimama kwenye meza ndefu, na mikono yao huamua kwa kasi ambayo macho ya mgeni hayafuati. Waridi hupimwa urefu wa shina, kila daraja likipanda kwa sentimita 10. Huangaliwa kama shingo imepinda, kama petali ina doa la kijivu la ukungu, kama kichwa kinalingana na wenzake kumi na tisa. Likipita hufungwa, hukatwa ncha, husimamishwa kwenye maji, na huingizwa chumba cha baridi cha nyuzi 2 hadi 4. Mengi huelekea Uholanzi, ambako kwenye mnada wa Aalsmeer bei haipandi bali huteremka: mkono wa saa huanzia juu ukishuka, na wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye mnunuzi. Uholanzi hiyohiyo, karne ya 17 na ya 18, ndiyo iliyokuwa na wachoraji kama Rachel Ruysch na Jan van Huysum, waliochora mashada yaliyosongamana kupita kiasi, tena ya maua ya misimu tofauti ambayo katika bustani ya wakati wao hayangekutana. Walichanganya kwa brashi kile ambacho leo huchanganywa kwa ndege.

Mama mmoja mezani aliniuliza kama ni kweli kuna watu wanaonunua ua moja kwa bei ya chakula chake cha siku. Nikamwambia ni kweli. Akaendelea kufunga.

Ziwa lenyewe tuliliona kwa mbali, kati ya mafunjo. Halina mto wa kutokea juu ya ardhi, na maji yake hupanda na kushuka kwa namna inayowatia hofu wakazi. Mwaka 2020 yalipanda hadi yakaingia nyumba za mtaa wa Kihoto. Vitalu hunywa hapohapo. Hoja ya nani anamaliza maji ya nani ni kongwe huko kuliko mimi.

Tulichonunua sisi ni yale yaliyokataliwa. Wakala mmoja wa Karagita, mtaa wanakoishi wafanyakazi wengi wa mashamba, huyakusanya na kuyauza kwa soko la ndani. Kwa ukuta, kasoro zake ni upuuzi. Shina fupi? Ukuta unataka sentimita 15. Shina limepinda? Limefichwa. Doa kwenye petali ya nje? Petali ya nje tunaing'oa. Mama mdogo, ambaye maisha yake yote amenunua vitambaa kwa kuvinyoosha juani, alikagua kila furushi kwa kuminya kitumba chini, pale petali zinapoungana: kikiwa kigumu alichukua, kikiwa laini alirudisha, bila kumtazama wakala usoni. Alichukua krimu kwa wingi, pichi kidogo, pinki iliyofifia kidogo zaidi, na meupe chini ya nusu ya jumla. Harusi ya binamu yangu ikawa imeshahama kutoka kwenye ile picha ya simu, naye hakuwa na habari.

Kurudi tulichagua basi la usiku, si treni, kwa sababu ya baridi ya usiku na kwa sababu ya buti kubwa la chini. Maua yalisimama ndani ya ndoo zenye maji ya kufika theluthi, yamefunikwa kwa magazeti yaliyoloweshwa. Kila kitu kilikuwa sawa mpaka abiria mmoja alipotaka kupakia matenga mawili ya ndizi mbivu ubavuni mwake. Tunda linaloiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo huliambia ua kwamba wakati wake umekwisha. Karnesheni ndiyo inayoumia upesi, ila waridi nalo halisalimiki. Yule mama wa City Market alikuwa ametuonya. Mama mdogo hakuingia kwenye maelezo ya gesi. Alimshika utingo mkono, akamwita mwanangu, akamwambia kwamba maua yale ni ya bi harusi na kwamba bi harusi ni yatima. Ndizi zikapanda juu ya basi. Binamu yangu ana baba na mama, na wote walikuja kutupokea asubuhi.

Chumba cha nyuma cha nyumba yao kiligeuzwa hospitali ya mawaridi. Majani ya chini yaliondolewa yote, maana jani likizama huoza na kuchafua maji. Kila shina lilikatwa tena kwa mshazari, ndani ya maji, na ndoo zikakaa gizani na feni, siku nzima na usiku wake. Halafu ndugu wa kike wakaja, mabinti na mashangazi, wakaketi mkekani kufungua maua kwa kidole gumba. Kazi ile ilikubalika haraka kuliko nilivyotegemea. Mikono iliyozoea kutunga asumini haihitaji kufundishwa mara mbili namna ya kushika petali. Bibi mmoja aliye juu ya miaka sabini alikuwa akifungua mawili wakati msichana wa chuo akifungua moja, tena akisimulia.

Uliobaki ulikuwa mjadala wa kuyashikizia nini. Wapambaji wengi hutumia ile sponji ya kijani iliyobuniwa na Mmarekani Vernon Smithers mwaka 1954, na ina masharti yake: huwekwa juu ya maji na kuachwa izame yenyewe, kwani ukiikandamiza hewa hubaki katikati na shina likikutana na hewa hufa kiu; na shina likishaingia lisichomolewe na kurudishwa tundu lilelile. Ni nyepesi, inashika maji, na inaacha kazi nzuri. Lakini ni plastiki, haiozi, na hupukutika unga unaofuata maji hadi baharini. Waandaaji wa maonyesho makubwa ya maua ya Chelsea, Uingereza, wameshaikataza. Mimi nilikuwa upande wa waya wa kuku, ambao Constance Spry, mpambaji Mwingereza aliyesimamia maua ya kutawazwa kwa malkia wao mwaka 1953, aliutumia vyema maisha yake yote. Mama mdogo alisikiliza hotuba yangu, akauliza: waya unashika maji? Haushiki. Ukumbi una kiyoyozi cha kuaminika? Hauna. Basi sponji, akasema, ila ndani ya trei, na baadaye ikusanywe yote. Waya wa kuku aliutandaza juu yake kushikilia mashina, nadhani kwa kuniridhisha.

Ukuta ulijengwa kutoka ukingoni kuja ndani. Kwanza kijani: makuti mabichi yaliyochanwa, mrehani kwa mafungu, vyote vikitoka nje ya fremu ili pasiwe na ule mpaka wa Lang'ata. Kisha mawaridi makubwa yaliyofunguliwa, moja hapa, moja pale, bila mpango unaoonekana. Baada yake yale ya kati yakasukumwa ndani zaidi, chini ya mashavu ya makubwa. Mwisho, vitumba vilivyofumba vikaziba palipobaki. Mama mdogo alikuwa akirudi nyuma hadi mlangoni kila baada ya safu chache, anafumba jicho moja, anarudi kuchomeka.

Saa moja kabla ya wageni alisimama mbele yake na kusema, "Hakunuki."

Ni kweli. Mawaridi ya kusafiri yamechaguliwa kwa uzalishaji wa vizazi vingi ili yadumu kwenye chombo, na harufu mara nyingi ndiyo iliyoachwa njiani. Mbele ya ukuta uliojaa waridi pua yako hupata maji na majani. Yeye hakuona kwamba hilo ni jambo la kusikitikia. Alituma mtoto kwa jirani, zikaletwa asumini za jioni ile, zikiwa bado zimefumba, zimeshatungwa, na akazipitisha nyuma ya mawaridi usawa wa kichwa cha bi harusi atakapoketi, zisionekane na kamera hata kidogo. Kwenye mikono ya kiti akafunga vikuba viwili.

Sitaisimulia harusi, waliokuwepo wamekwisha isimulia vizuri kuliko mimi. Nasema tu kwamba hakuna aliyetaja kaburi, kwamba kufikia saa nne usiku asumini zilikuwa zimefunguka na wanawake waliokwenda kupiga picha na bi harusi walikawia pale kuliko picha ilivyohitaji, na kwamba sherehe ilipokwisha ukuta ulichomolewa ua kwa ua na wageni wenyewe, kila mmoja akiondoka na lake. Trei za sponji tuliziokota sisi.

Siku chache baadaye nilimkuta mama mdogo kwenye simu na mteja wa Malindi. Mteja alitaka ukuta kama ule, wa mita nne, Jumamosi.

"Jumamosi ipi?" Akasikiliza. "Hiyo ni karibu mno, mwanangu. Maua nitayapata, pesa najua unazo. Lakini yakifika Ijumaa nitakupigia hesabu ya mita moja kwa maua 270. Yakifika Jumatano, 120. Chagua wewe."

Akaziba simu kwa kiganja akanigeukia. "Yule wa Karagita," akasema, "namba yake unayo?"